Nani Alibeba Masanduku? Kumsoma Adrienne Rich kati ya Pange na Masoko

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Suma, wilaya ya Rungwe, ambako maji ni ya aina mbili: ya mvua, ambayo hayaishi, na ya mto, ambayo mama zetu walitukataza kuyachezea. Kuogelea nimejifunza nikiwa na miaka 27, kwenye bwawa la hoteli moja Dar es Salaam, nimezungukwa na watoto wa miaka sita walionicheka waziwazi. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba shairi ninalotaka kulijadili leo nililisoma zaidi ya mara kumi kabla sijawahi kupiga mbizi, na kwamba muda wote huo nilikuwa nalielewa nusu.

Shairi lenyewe ni "Diving into the Wreck" la Mmarekani Adrienne Rich. Lilitoka mwaka 1973 katika diwani yenye jina hilohilo, na mwaka uliofuata diwani ikapata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani. Rich hakuipokea peke yake. Alipanda jukwaani na tamko aliloliandaa pamoja na Audre Lorde na Alice Walker, kuipokea kwa niaba ya wanawake wote. Wengi wetu tulikutana na shairi hili chuoni, na wengi tulifundishwa kulisoma kama fumbo tupu: bahari ni nafsi, meli iliyozama ni historia ya wanawake, ngazi ni nini sijui. Mwalimu akauliza swali, tukajibu, tukafaulu, yakaisha.

Sasa nimeenda kuzamia kweli.

Ilikuwa wikiendi ya siku mbili, Unguja. Klabu yetu ni ndogo, watu tisa tuliokuja, boti mbili za mbao zenye mashine nyuma. Kuna mhasibu, kuna kaka mmoja wa Tanga anayejua majina ya samaki wote, kuna daktari ambaye hatapiki kamwe, na kuna mimi, ambaye hutapika kila safari kabla hatujafika. Nilikuwa na nakala ya shairi nimeikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Nilidhani nitaonekana msomi. Mhasibu aliiona akauliza, "Hiyo ni risiti?"

Tulizamia Great Northern. Ilikuwa meli ya Waingereza ya kulaza nyaya za simu za maandishi chini ya bahari, zile nyaya ambazo tangu 1879 zilikuwa zimeiunganisha Zanzibar na Aden na pwani ya kusini. Mkesha wa mwaka mpya wa 1902 iligonga fungu karibu na kisiwa kidogo cha Pange, magharibi ya Mji Mkongwe, ikabaki hapohapo. Si kina cha kutisha, kama mita 12 tu, ndiyo maana wanatuleta sisi wachanga. Unavaa mkanda wa risasi kiunoni, mtungi mgongoni, mapezi miguuni, na juu ya boti unatembea kama bata mwenye mimba. Halafu unaanguka kinyumenyume, na uzito wote unakutoka.

Niliyoyaona chini ni haya: vyuma. Mbavu za meli zimelala mchangani, matumbawe yamezikalia kiasi kwamba hujui chuma kinaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Mkunga ametoa kichwa kwenye tundu, anafungua na kufunga mdomo kama mzee anayetafuta neno. Taa mwenye madoa ya buluu amejifukia mchanga. Hakuna hazina, hakuna mifupa, hakuna muziki wa kutisha. Nilipopanda juu sikuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini sehemu kubwa ya shairi la Rich inahusu vifaa na ngazi. Nilikuwa naliona kama shairi linalochelewa kufika kwenye jambo. Kumbe kuvaa ndilo jambo lenyewe. Mtu ambaye hakuzaliwa na mapezi hushuka kwa kujifunza, kifaa kwa kifaa, na kila kifaa kinamwambia kwamba huku si kwao. Hilo mtu wa Suma analielewa bila kufundishwa.

Jioni, tukila pweza Forodhani, nilijaribu kulitafsiri shairi kichwani nikakwama kwenye kichwa chake tu. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. Meli *imezama*: hiyo ni ajali, haina mtu wa kuuliza. Meli *imezamishwa*: hapo kuna mtu, na alikuwa na sababu. Mimi *nimezamia*: nimeshuka kwa makusudi, nikitafuta kitu. Mzizi mmoja, viambishi vinabadilika, na lawama inahama. Isitoshe, mtaani mzamiaji ni yule kijana anayejificha ndani ya meli bandarini ili aamkie Ulaya, au yule anayeingia harusini bila kadi. Kwa Kiswahili cha Dar, kuzamia ni kuingia mahali ambapo hukualikwa. Naona Rich angelipenda sana neno hili. Mzungumzaji wa shairi lake ni mzamiaji kwa maana zote mbili: amevaa mtungi, na hakualikwa.

Hoja ya shairi, nikiifupisha kwa ubaya, ni hii. Tumerithi masimulizi mengi kuhusu yaliyotokea, na masimulizi hayo yameandikwa na watu walioamua nani awemo na nani asiwemo. Basi usiyaamini. Shuka mwenyewe ukaangalie kilichoharibika, na kilichobaki pia. Kitabu cha hadithi za kale unakwenda nacho, lakini chini unaamini mkono na taa yako. Na shairi linafunga kwa kukirudia kitabu hicho, kwa uchungu wa mtu aliyejitafuta humo asijione.

Nina ugomvi wa aina mbili na shairi hili. Ugomvi wa kwanza ni mdogo. Mzungumzaji wa Rich anashuka peke yake, na anajilinganisha wazi na Cousteau, yule Mfaransa mwenye kundi zima la wasaidizi. Upweke huo ndio unaolipa shairi ukali wake. Lakini katika klabu yoyote ya maana, mtu akishuka peke yake anafukuzwa. Unashuka na mwenza. Kabla hamjaingia majini mnakaguana: hewa yako, mkanda wako, hewa ya akiba ya kunipa mimi nikikwama. Mwenza wangu alikuwa daktari. Mara mbili aligeuka kuniangalia, mara mbili nikamwonyesha kidole gumba na cha shahada vimekutana: niko salama. Sidhani kama nimewahi kuangaliwa na mtu kwa makini vile. Unaweza kusema shairi si mwongozo wa klabu, na ni kweli. Ila najiuliza kama Rich wa jukwaani, aliyekataa kupokea tuzo peke yake, hakuwa ameshamsahihisha Rich wa ndani ya shairi.

Ugomvi wa pili ni mkubwa, na ndio ulionifanya niandike.

Hebu tuziangalie meli zetu. Nasema "zetu" kwa sababu zimelala kwetu. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivizia Pegasus ya Waingereza ikiwa bandarini Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani. Königsberg nayo ikajificha delta ya Rufiji hadi Julai 1915, ilipoharibiwa na wenyewe wakaizamisha, kisha wakaichomoa mizinga na kuikokota kuipigania nchi kavu. Leo mzinga wa Königsberg na wa Pegasus iko pamoja Fort Jesus, Mombasa, kama maadui wastaafu wanaoota jua. Swali langu dogo: mizinga ile ilikokotwa na nani?

Au njoo karibu na kwetu, Ziwa Nyasa. Agosti 13, 1914, Guendolen ya Waingereza iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa ukarabati, na Mjerumani hata hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni ya manahodha wawili, Rhoades na Berndt, marafiki wa kunywa pamoja, na jinsi Berndt alivyofoka kumuuliza mwenzake kama amelewa. Inachekesha, nakubali. Lakini katika kila andiko nililolisoma la tukio hilo kuna watu wawili tu ziwani. Makasia yanajivuta yenyewe, kuni zinajipakia zenyewe.

Na Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kama Liemba. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku maelfu hadi Dar, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito ili siku moja iibuliwe. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria na dagaa kwa miongo mingi. C. S. Forester alipoandika *The African Queen* mwaka 1935, kisha John Huston akaifanya filamu 1951, ziwa likageuka uwanja wa mapenzi ya Wazungu wawili na meli ya Mjerumani ikazama moja kwa moja. Uongo wa hadithi unauonea ukweli, kwani ukweli ni mtamu zaidi: mtu anazamisha meli yake kwa upole, kama anayefukia viazi mbegu.

Sasa ugomvi wangu. Rich anaamini kwamba ukiliacha simulizi ukakifikia kitu chenyewe, utakuta ushahidi wa walioachwa. Mimi nimekifikia kitu chenyewe pale Pange. Chuma hakina jina la mtu. Ukikuta chochote chenye maandishi, kitakuwa jina la kiwanda. Waliobeba, waliopakua, waliopiga makasia, hawakuandikwa kitabuni, na hawakuandikwa kwenye vyuma pia. Kwa watu wa namna hii, nilijiambia usiku ule Unguja, simulizi ndiyo meli pekee iliyobaki. Mwanamke wa Marekani anaweza kuidharau hadithi kwa sababu ana njia nyingine ya kujitafuta. Sisi tukiitupa hadithi ya bibi, tumebaki na nini?

Nilijisikia mwerevu sana. Nikafanya kosa la kuwasimulia wenzangu hadithi ya Masoko.

Kwa wasiojua: Rungwe ina maziwa ya mashimo ya volkano, na mojawapo ni Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Lipo takriban mita 840 juu ya usawa wa bahari, duara, limetulia, kina chake kinakaribia mita 40. Watafiti wa tabianchi wamechimba tope la chini yake wakasoma humo makumi ya maelfu ya miaka ya mvua na ukame. Kando yake Wajerumani walikuwa na kambi: kikosi cha tano cha askari wao kilikaa hapo vita vilipoanza. Tukuyu ilikuwa ikiitwa Neu-Langenburg. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likapanda kutoka kusini, na Wajerumani wakaondoka. Kabla ya kuondoka, wasema wazee, waliyatosa masanduku ziwani. Fedha, au bunduki, au vyote. Sarafu za rupia za wakati ule huokotwa kando ya maji, na watoto huwauzia wageni.

Boti nzima ilinyamaza. Halafu kaka wa Tanga akasema, "Mita arobaini? Hiyo tunafika." Kufikia Jumapili jioni kulikuwa na kundi jipya kwenye simu, jina lake "Masoko", lenye mahesabu ya mafuta ya gari, mitungi mingapi, na namna ya kurekebisha muda wa kuzamia ukiwa ziwa la milimani. Mimi nimewekwa kuwa mwenyeji.

Nikaenda Suma kumwuliza bibi.

Bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa, ila baba yake alikuwa kijana wa kubeba mizigo wakati wa vita vile, hilo nimelisikia tangu nanyonya. Nilimkuta jikoni, mvua inapiga bati, ndizi zinachemka. *Ugonile*, nikamsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikatoa simu nirekodi. Nilijiandaa kumpinga Rich kwa mdomo wa bibi.

Akasimulia. Safari hii masanduku yalikuwa ya fedha. Nilipokuwa mtoto yalikuwa ya bunduki, na kuna mwaka mmoja kulikuwa na gari zima. Nikamkumbusha. Akasema, "Vyote vilikuwemo." Nikauliza mangapi. Akataja idadi, na kesho yake akataja nyingine. Sawa, nikasema moyoni, hadithi za mdomo ndivyo zilivyo, zinapumua. Halafu nikauliza swali lile nililowauliza Rhoades na Berndt.

"Bibi, waliyabeba akina nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kubeba."

Nikanyamaza. Nikamwuliza kama baba yake alikuwemo. Akasema alikuwa kambini, ila usiku ule hakuwepo, au alikuwepo na hakusema. Nikamwuliza, wale waliobeba walirudi? Akaliangalia sufuria. "Wengine inasemekana hawakurudi. Kwa sababu walijua mahali." Halafu akaongeza, kama anayezungumza na moto: "Hilo halisimuliwi. Watu wanapenda zile rupia."

Nilisafiri siku nzima kumtetea bibi dhidi ya Rich, na bibi akahamia upande wa Rich bila kusoma hata mstari mmoja. Simulizi yetu nayo ni kitabu. Imehesabu masanduku, imekumbuka rangi ya sarafu, imemkumbuka hata ofisa aliyesimama kando na taa. Waliobeba imewaacha, kama walivyoachwa na Forester. Katika vita ile, wabebaji waliokufa upande wa Waingereza pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na maradhi. Tumewabakizia jina la soko, Kariakoo, ambalo wengi wetu tunalitamka kila siku tukiwaza bei ya nguo. Abdulrazak Gurnah katika *Afterlives* amemrudishia sura askari wa Mjerumani, na namshukuru. Mbebaji anayetembea nyuma ya askari bado anasubiri zamu.

Kuna neno tunalolitumia bila kulisikia. Kutosa ni kutupa majini. Mtaani pia, kumtosa mtu ni kumwacha solemba, kumkana. Wale maofisa waliyatosa masanduku. Sisi, kwa miaka zaidi ya mia, kwa hadithi tamu kando ya moto, tumewatosa waliobeba.

Basi nimelisoma shairi upya, safari hii nikiwa Suma, karatasi ikinuka moshi, na nadhani sasa nimeliona vizuri. Kosa langu lilikuwa kudhani Rich anachagua chuma dhidi ya neno. Kumbuka anashuka na kitabu. Hakukiacha kwenye boti, wala hakukichana. Anashuka nacho kama mtu anayekwenda kwa shahidi akiwa na maelezo ya shahidi mwingine mkononi, ili alinganishe. Anachokataa ni kuamini kimoja bila kukihoji kwa kingine. Udhaifu wa shairi naushikilia uleule: linadhani kwamba aliye chini atakuta kitu cha kumjibu. Mara nyingi hatakuta. Lakini kutokukuta nako ni jibu, ukiwa umeuliza swali sahihi. Mimi nisingemwuliza bibi "akina nani" kama nisingekuwa nimetoka kupapasa chuma kisicho na jina.

Kabla sijaondoka bibi alinitajia jina moja. Mtu mmoja, rafiki wa baba yake, ambaye alikwenda kubeba na hakurudi. Siliandiki hapa. Wajukuu zake wako palepale, na haki ya kulitaja kwanza ni yao. Nimekwenda kwao mara moja, nimepewa chai, nimeambiwa nirudi baba mwenye nyumba akiwepo. Nitarudi.

Klabu nimewajibu. Nimewaambia waje Suma, tutalala kwetu, tutazunguka Masoko kwa miguu, mitungi waiache Dar. Mmoja ameandika, "Sasa tunakuja kufanya nini?" Mwingine ameondoka kwenye kundi. Daktari ameandika, "Mimi nakuja."

Na nikiri moja, maana hapa tumezoea kusemana ukweli. Ninatamani kuzamia ziwa lile kuliko wao wote. Usiku naota nimeshuka kwenye kijani kile, taa mkononi, na chini kuna kona ya sanduku. Katika ndoto huwa nafungua. Sijawahi kuota nageuza taa kutafuta kama kuna mtu. Ndiyo maana bado sijashuka.